Mnyoosha Santuri wa Mfaranyaki

Kabla ya kukusalimia, alinusa. Ulifika pale kwake Mfaranyaki na sahani yako umeifunga kwenye kanga au kwenye gazeti, ukapiga hodi, yeye akanyoosha mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga, akaifungua, akaipeleka puani. Akishanusa alikwambia ilikolala. Hii ilikaa dirishani, ikapigwa na jua la saa tisa. Hii ilikuwa juu ya kabati, karibu na bati. Hii imesafiri kwenye buti ya gari kutoka Makambako, na pembeni yake palikuwa na dumu la mafuta ya taa. Wengine walisema ni uchawi. Baada ya hapo ndipo alipoitikia salamu yako, na kama ulikuwa mtoto uliyempa shikamoo, marahaba yako uliisubiri mpaka ukasahau kwamba ulisalimia.

Jina lake nalijua. La baba yake nalijua, na la kaka yake aliyekwenda Mbinga kulima kahawa asirudi. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini majina hayanipotei. Ukinitajia nyumba nitakutajia waliokaa humo na watoto waliozikwa nyuma yake. La kwake sitaliandika. Watoto wake wapo, na nitakayoyasema si yote ya kumsifu. Mjini walimwita Fundi Santuri. Mimi nilimwita Fundi tu, naye aliniita Mama Otmari, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Tulikaa mtaa mmoja zaidi ya miaka thelathini.

Kwa watoto wa siku hizi niseme kidogo. Santuri ni ile sahani nyeusi ya muziki. Inazunguka juu ya mashine, sindano inapita kwenye mistari yake myembamba, sauti inatoka. Ni laini kuliko inavyoonekana. Ikipata joto inapinda, na ikishapinda sindano inaruka kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Watu wengi walizitupa. Yeye alizinyoosha, nyumbani kwake, barazani, bila kibao cha tangazo wala nini.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Ujana wake wote aliumaliza kwenye tumbaku, akipanga majani kwa madaraja, lipi la kwanza, lipi la tatu, lipi la kutupa. Alisema jani kavu ukilinyoosha kwa haraka linavunjika mkononi, lakini ukilipa unyevu na ukalingoja, linafunguka lenyewe kama mtu aliyeombwa vizuri. Siku moja santuri yake ilipinda, akaifanyia vilevile alivyolifanyia jani, ikakubali. Basi. Hiyo ndiyo shule yake. Na mtu huyohuyo aliyekula tumbaku maisha yake yote, maana mshahara wa tumbaku ndio uliomjengea nyumba, ukiwasha sigara uani kwake alikufukuza na sahani yako mkononi.

Vifaa vyake vilikuwa vya nyumbani. Vioo viwili vya kabati la nguo lililovunjika. Sinia pana. Sufuria la maji kwenye jiko la mkaa. Sahani aliilaza katikati ya vioo viwili, akavifunga kwa mpira wa baiskeli, akavizamisha kwenye maji ya moto muda alioujua mwenyewe, akavitoa, akavilaza juu ya meza aliyoisawazisha kwa vipande vya mbao, na juu yake akaweka kiroba cha unga. Si jiwe. Jiwe, alisema, linasukuma mahali pamoja; unga unalala kote. Hapo sahani ilikaa mpaka kesho yake mchana. Mkewe, Mama Meinradi, alikuwa akitutania sisi majirani tukimkuta anachambua mboga tu, anasema leo hakuna ugali, kuna mgonjwa amelalia unga wetu. Alikuwa akiukosea utani wake, maana mgonjwa alikuwa chini na unga juu, lakini tulicheka.

Mwezi wa sita mpaka wa nane hakupokea kazi. Upepo ukishuka kutoka milima ya Matogoro unaingia hadi chini ya mlango, na sahani ikipoa kwa haraka inarudi kupinda, tena vibaya zaidi. Usemi wake ulikuwa huu: kupasha moto kila mtu anaweza, kazi ipo kwenye kupoa. Aliusema kwa sahani, akausema kwa ndoa za watu, akausema siku walipopigana wanawe wawili uani, naye akawaangalia tu mpaka wakachoka.

Ulimi wake ulikuwa mbaya. Kuna mwalimu mmoja kijana alihamishiwa hapa kutoka Bukoba, anaitwa Mwalimu Deusi, akaja na sahani ya marehemu baba yake, na haraka zake. Kila baada ya siku mbili yupo mlangoni. Mara ya nne Fundi akamtazama toka viatu hadi kichwa, akamwuliza, "Mwalimu, kati yako na sahani hii, nimnyooshe nani kwanza?" Mwalimu wa watu akainama kabisa. Lakini sahani ile Fundi aliirudia mara tatu, kioo kikapasuka akatafuta kingine, na ilipokubali alimpelekea mwenyewe nyumbani Majengo kwa miguu, akaiacha kwa mwenye nyumba, akaondoka kabla hajashukuriwa. Kushukuriwa hakukuweza kabisa. Ukimwambia asante alikuwa kama mtu aliyekanyagwa.

Mwingine, nitamwita kwa jina lake maana mwenyewe alikuwa akiisimulia, Mzee Salumu wa duka la vitambaa, alikuwa na santuri za taarabu za marehemu mama yake. Moja ilipinda, akasema mbona hili jambo dogo, akaitandikia kitambaa akaipiga pasi ya mkaa. Alipoileta ilikuwa imekunjamana kama ngozi ya maziwa. Fundi hakumtukana. Aliichukua, akaitoboa, akaitundika kwa kamba kwenye bustani ya mchicha ya Mama Meinradi kufukuza ndege. Sahani zilizokufa zote mwisho wake ulikuwa huo. Wakati ule zilikuwa tatu au nne, zinazunguka na upepo, na ndege kweli walikuwa wakiziogopa. Zilizobaki za Mzee Salumu zikaja kwa Fundi moja moja, na za wakati ule zote zikapona.

Jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba hakupenda kusikiliza. Mashine yake ya santuri ilikuwa pale ndani, nzima, na kila sahani iliyopona aliijaribu. Lakini aliinama akaitazama sindano kwa jicho, inapanda, inashuka, imetulia, basi, anainyanyua. Wimbo haufiki nusu. Nilimwuliza mara moja kwa nini. Akasema waimbaji karibu wote wameshakufa, na akianza kuwasikiliza mpaka mwisho atakuwa anakesha msibani kila siku. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa na kuimba haimbi. Mama Meinradi alisema alijaribu siku ya harusi yao, na paroko alisimamisha kinanda.

Sasa nimseme Mama Meinradi, maana bila yeye picha hii ni nusu.

Kila mtu aliyekaa kwenye baraza ile alimwona, na hakuna aliyemhesabu. Maji yakishapata moto, Fundi aliita, "Mama." Yeye akatoka jikoni, au akaacha ufagio, akakunja mkono wa gauni, akatumbukiza kiwiko kwenye sinia, kama tunavyopima maji ya kumwogesha mtoto, ila haya yalikuwa ya moto zaidi. Akawa anasali kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha akatoa kiwiko akasema bado, au tayari, au umezidisha, akarudi kwenye shughuli zake. Kipimo chao kilikuwa Salamu Maria. Ukiweza kuvumilia mpaka "Bwana yu nawe", moto hautoshi. Ukishindwa hata kufika "umejaa neema", umezidi, sahani itaungua. Mkono ukitaka kutoka wenyewe pale pale kwenye "umejaa neema", hapo ndipo. Mzee Salumu alikuwa akilalamika kwa utani kwamba mama wa Kikatoliki amembatizia taarabu ya mama yake bila ruhusa ya sheikh. Mama Meinradi akamjibu kwamba mbona zimeongeza utamu.

Tulimwita fundi yeye. Mama tulimwita mke wa fundi. Hata mimi, mwanamke, nilifanya hivyo.

Mama Meinradi alikufa kwa presha, asubuhi, akiwa anafua. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Na mimi nilikuwa na santuri yangu. Nimeichelewesha kuisema, na kuiandika nako kunanichelewesha.

Nilikuwa na mdogo wangu, Gaudensia, tulimwita Gaude. Kwaya yetu ya parokia, tukiwa wasichana, ilikwenda Dar es Salaam kurekodi nyimbo, ikatoka santuri moja. Upande wa pili, wimbo wa kwanza, beti la pili, Gaude anaimba peke yake. Beti moja tu. Miaka miwili baadaye akafa kwa uzazi, yeye na mtoto. Picha hatukuwahi kumpiga. Nguo zake ziligawanywa. Kilichobaki cha Gaude duniani ni beti lile.

Kila Novemba mbili, siku ya kuwakumbuka marehemu, tulikutana kwa kaka yetu Benedikti, aliyekuwa na mashine, tukamsikiliza. Mama yetu Rosalia alikuwa akigeukia ukutani wakati huo. Kaka akafa, mashine ikaharibika, sahani ikaja kwangu. Nyumba yangu wakati ule ilikuwa inavuja, na panya walikuwa wamekula hadi misale yangu ya kanisani. Nikafikiri, kitu hiki nikiweke wapi kisipotee? Sisi kitu kisichotakiwa kupotea tunakiweka mahali pamoja na mbegu: kwenye uchaga wa jikoni, juu ya mafiga, pale mahindi ya mbegu yanapokaushwa na moshi yasiliwe na wadudu. Nikaifunga Gaude kwenye kanga mpya, nikaipandisha, nikaiweka katikati ya mahindi. Nilikuwa nimefurahi kabisa. Chini yake nikapika ugali na maharage kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Mjukuu wangu Skola, anayefundisha chekechea, ndiye aliyeiulizia sahani. Alitaka amwingize Gaude kwenye simu ili asipotee tena, na mashine ya Fundi ipo. Nikaishusha. Ilikuwa kama chapati iliyoshikwa na moto upande mmoja.

Nilimpelekea Fundi miezi michache baada ya kumzika Mama Meinradi. Akanusa. Akanusa tena. "Moshi," akasema. "Na mahindi." Akaniangalia. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, hata jibu nilikuwa nalo. Hakunitukana. Aliikunja kanga taratibu, akasema niiache. Nikarudi nyumbani nikiwa na hofu, maana mtu yule akikuhurumia ujue mambo yako yameharibika.

Kisha akaanza kunizungusha. Ilikuwa mwezi wa tano, akasema baridi linakaribia. Mwezi wa nane akasema baridi halijaisha. Mwezi wa kumi, jua linapasua vichwa, akasema upepo. Mwaka mzima ukaenda. Mwaka wa pili nao ukaanza. Watu wengine walisema Fundi ameanza maringo, ana sahani za watu hazirudi. Mimi niliona kingine. Niliona bustani. Mchicha ulikuwa umekauka tangu mama afariki, hakuna aliyemwagilia, lakini sahani zinazoning'inia zilikuwa zimefika kumi, kumi na mbili. Hapakuwa na kitu cha kuliwa na ndege pale. Nikamwuliza, hizi zote? Akasema ndege wameongezeka mwaka huu.

Nilizipitia moja moja, nikijifanya natafuta kuku wangu. Ya Gaude haikuwamo.

Niseme kwa nini nilikuwa na haraka. Nina miaka mingi sasa, na kuna jambo lilikuwa limeanza kunipata. Gaude namkumbuka. Alama ya jino lake la mbele lililokatika, namna alivyofunga kilemba, siku alipoiba asali ya baba na kumsingizia nyuki. Lakini sauti ilikuwa imeondoka. Nililala nikiitafuta. Maneno ya beti lile niliyajua yote, tuni niliijua, na nilipoyaimba kichwani ilikuwa sauti yangu. Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Sikumwambia mtu. Nyumbani wote waliomsikia akiwa hai wamekufa, nimebaki mimi, na mimi nilikuwa nimemwacha aende. Nilitaka nimsikie mara moja tu, nijue bado ninamjua.

Mwezi wa kumi mwaka jana Fundi alirudi kutoka hospitali, mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti. Sukari. Nilikwenda kumpa pole, na Skola, na vitumbua. Alikuwa kwenye kiti barazani, blanketi magotini, amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Nikampa pole. Akasema pole ni ya mguu, na mguu haupo, niipeleke kwingine. Nikaona bado ni yeye.

Halafu akasema, "Mama Otmari, sahani yako sijaigusa."

Nikamwambia najua.

"Hujui. Kaa chini." Akanyoosha mkono. "Nibane kidole."

Nikambana.

"Kwa nguvu."

Nikambana mpaka ukucha wangu ukaingia kwenye nyama. Alikuwa akinitazama usoni, ametulia kabisa, kama aliyekuwa anangoja nianze.

"Sisikii," akasema. "Ilianza miguuni, ikaja huku. Zile za bustanini nimezipika mwenyewe, moja baada ya nyingine."

"Na wenyewe uliwaambia nini?"

"Niliwaambia zilikuja zimekwisha."

Mle kulikuwa na za Mzee Salumu, na nilikumbuka Mzee Salumu alivyoondoka pale siku moja bila kuaga, amejipangusa uso kwa kofia yake. Nikamwuliza, na kiwiko? Akacheka kidogo, cheko bila sauti. "Nilijaribu kiwiko. Hakijui kitu. Kiwiko cha mwanamume hakijawahi kuogesha mtoto." Akalipanga blanketi. Kisha akaniuliza changu kimeogesha wangapi.

Nikamwambia saba wa kwangu, na wajukuu, na wa Gaude ningemwogesha kama angeishi.

"Basi wewe," akasema.

Nilitaka kukataa. Naandika ukweli: nilitaka kuichukua sahani yangu ilivyopinda nikaiweke tena ndani, maana iliyopinda bado ina matumaini. Lakini Novemba mbili ilikuwa imebaki wiki mbili, Fundi alikuwa anaondoka kila mtu anaona, na mimi mwenyewe sikuwa mgeni wa kudumu. Skola akawasha jiko. Akaosha vioo. Fundi akaelekeza kila kitu kutoka kwenye kiti kwa fimbo yake, kaza mpira, si hapo, hapo, mwalimu mzima hujui kukaza mpira.

Maji yalipomiminwa nikakunja mkono wa gauni, nikatumbukiza kiwiko. Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe. Nikatoa. Nikasema bado. Skola akaongeza maji yanayochemka. Nikatumbukiza tena, nikasali tena, nikafika tena Bwana yu nawe, nikasema bado. Akaongeza. Mara ya tatu mkono ulitoka wenyewe kwenye umejaa neema, ngozi imekuwa nyekundu.

"Tayari," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Tukaizamisha. Tukaitoa. Skola akabeba kiroba cha unga akakilaza juu. Nikaondoka, na usiku ule kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikumtafuta Gaude, nilimngoja.

Kesho yake mchana tulifungua. Fundi aliomba aishike. Akainyanyua usawa wa jicho, akaitazama ukingoni ikielekea kwenye mwanga, akaizungusha kidogo kidogo, mzunguko mzima. Imenyooka, akasema, imenyooka kama maji. Skola akaiweka kwenye mashine upande wa pili, akaweka simu yake karibu, akanipa ishara ninyamaze.

Kwaya ikaanza. Ilikuwa kwaya, hilo nalisema wazi: nilimsikia Kolumba kwenye sauti ya pili, nilimsikia Mzee Alto na ile besi yake ya pipa. Lakini walikuwa wanapanda na kushuka, kama watu wanaoimba wakiwa kwenye lori barabara mbovu. Sindano haikuruka hata mara moja. Ilitulia. Kilichokuwa kinayumba ni sauti zenyewe. Moto ulikuwa umeivuta sahani. Imenyooka, lakini imenyooka ikiwa imevutika, kama sweta lililofuliwa vibaya.

Beti la pili likafika. Msichana akaimba. Sauti ikavutwa, ikazama, ikapinda kwenye neno la katikati, ikarudi juu. Nilifumba macho. Nilimtafuta kwa nguvu zangu zote. Nilijua ni yeye kwa sababu ni beti la pili. Isingekuwa hivyo, ningekwambia simjui.

Beti likaisha. Kwaya ikaingia.

Fundi hakuwahi kumsikia Gaude. Alihamia mjini Gaude ameshazikwa. Alikuwa ameinama kutoka kwenye kiti, mikono yake ile isiyosikia ameiweka kwenye goti la mguu uliobaki, ananitazama mimi, si mashine.

"Ndiye?" akaniuliza.

Nikayatazama masikio yake makubwa yale.

"Ndiye," nikasema. "Ndiye Gaude wangu."

Akajiegemeza nyuma. Akapumua. "Basi kiwiko chako kinajua," akasema. "Ungempokonya Mama kazi." Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya kwa mtu yeyote: akaniambia asante. Mimi nikawa kama niliyekanyagwa.

Hakufika Pasaka. Kwenye matanga yake tulisali rozari, sisi wanawake wa jumuiya, tumekaa kwenye majamvi uani, ile bustani iko mbele yetu na sahani zake. Tunasali upesi sisi, tumezoea, makumi matano ya Salamu Maria ni muda wa kuchemsha chai. Kolumba, mzee sasa kama mimi, alikuwa pembeni yangu. Katikati ya fumbo la tatu na la nne akaniinamia, akasema marehemu mama wa nyumba hii angekuwepo tungekuwa bado la kwanza. Unakumbuka, akasema, alivyokuwa akisali? Kila neno alilichambua kama maharage. Sisi tumefika amina, yeye ndiyo kwanza yuko umejaa neema.

Nikakumbuka. Nilikuwa nimekaa naye kwenye jumuiya ile miaka yote, na wote tulikuwa tukimngoja. Salamu Maria ya mule barazani ilikuwa ya kwake, ndefu, na mimi nilitia kiwiko na ya kwangu, ya mbio. Mara ya kwanza niliposema bado, huenda maji yalikuwa tayari. Nikaongezewa moto. Mara ya pili nikaongezewa tena. Kolumba aliona ninalia, akanishika bega, akasema Fundi alikuwa mtu wa watu.

Sijamwambia Skola. Sijui kama ni ule moshi wa miaka yote au ni ulimi wangu wa siku moja. Vyote ni vyangu. Sahani ipo, imenyooka, imelala kabatini. Ya kwenye simu ndiyo inayopigwa.

Novemba mbili ya mwaka huu tulikutana kwangu. Otmari alikuja na familia yake. Baada ya sala Skola akawasimamisha watoto wake wawili wa kike, wana zawadi kwa bibi mkubwa. Wakaimba beti la pili. Wamelishika kutoka kwenye simu, na wamelishika sawasawa. Pale sauti inapozama wanazamisha, pale inapopinda kwenye neno la katikati wanalipinda, shingo zao zinainama pamoja, kisha wanapanda tena, wakidhani ndivyo alivyokuwa akiimba. Otmari akapiga makofi. Mdogo akaja akaniegemea, akaniuliza kama amempatia Bibi Gaude.

Nikamwambia amempatia.